Mchongaji na Kinyago Chake: Historia ya Emil Nolde

Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo ina ukweli wake siku ya kwanza, vumbi la mti likiwa bado mikononi. Haisemi lolote juu ya siku za baadaye, mchongaji akishazeeka, kinyago kikishavishwa nguo na kupigiwa ngoma, na watoto waliozaliwa nyuma wakikiamkia kwa heshima kama mzimu wa ukoo. Historia ya mchoraji Emil Nolde, mmoja wa mafundi wakubwa wa rangi waliopata kutokea Ujerumani, ni historia ya kinyago cha namna hiyo. Kilianza kuchongwa naye mwenyewe, wengine wakaja kukinyoosha na kukipaka mafuta, na kwa zaidi ya nusu karne taifa zima likakitazama likaona uso wake lenyewe.

Alianza maisha akiwa mchongaji hasa. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1867 katika kijiji cha Nolde, karibu na mji wa Tondern, akaitwa Hans Emil Hansen. Nchi hiyo ya Schleswig ni tambarare ya majani na mabwawa iliyolala kati ya Bahari ya Kaskazini na Baltiki, na Wadenishi na Wajerumani waliigombea kwa vizazi. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka Prussia ilipoitwaa rasmi. Vijijini watu walisema Kidenishi, Kijerumani na Kifrisia, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Mtu wa mpakani ana njia mbili: kuishi na mchanganyiko wake, au kuchagua upande mmoja na kuung'ang'ania kuliko hata wenyewe. Huyu alioa Mdenishi, akafa akiwa na uraia wa Denmark, na maisha yake yote alitaka kuwa Mjerumani kuliko Wajerumani.

Baba yake alikuwa mkulima, lakini kijana hakulitaka jembe. Mwaka 1884 alikwenda Flensburg kujifunza kuchonga mbao katika karakana ya samani, akakaa huko miaka minne. Kisha akazunguka viwanda vya samani vya Munich, Karlsruhe na Berlin, mpaka mwaka 1892 alipopata kazi ya kufundisha uchoraji wa mapambo huko St. Gallen, Uswisi. Hapo akapata wazo la ajabu: aliichora milima ya Alps kana kwamba ni vizee vyenye pua, ndevu na vicheko, akaichapisha kwenye kadi za posta. Kadi laki moja ziliisha kwa siku kumi, na mfukoni zikaingia faranga 25,000. Mwalimu akaacha kazi. Uhuru wake wa kuchora, basi, aliununua kwa kuivisha milima nyuso za watu.

Pesa haikumfungulia milango yote. Mwaka 1898 Franz von Stuck, mwalimu mashuhuri wa Munich, alikataa kumpokea. Miaka michache baadaye Stuck huyo huyo aliwafundisha Wassily Kandinsky na Paul Klee. Nolde akajifunza kwa walimu wa kulipia, akaenda Paris, akarudi. Mwaka 1902 alimwoa Ada Vilstrup, mwigizaji wa Kidenishi, akaliacha jina la Hansen na kujipa jina la kijiji chake. Walikaa miaka mingi kwenye kisiwa cha Alsen wakiishi kwa shida, naye akiendelea kutafuta mkono wake.

Mwaka 1906 alipokea barua kutoka Dresden. Mwandishi wake alikuwa kijana wa miaka 21, Karl Schmidt-Rottluff, mmoja wa waanzilishi wa kikundi kilichojiita Die Brücke, yaani Daraja. Vijana hao walikuwa wamechoshwa na picha za kuiga macho yaonavyo. Walitaka rangi iseme hisia moja kwa moja, uso uwe wa kijani kama hofu ni ya kijani. Walikuwa wameziona picha za Nolde, wakamtaka ajiunge nao. Alikubali, akiwa na umri karibu mara mbili ya wao, akakaa nao kama mwaka mmoja na nusu, kisha akajitoa. Hakuwa mtu wa kikundi. Alijihesabu mteule, na mteule hupenda kukaa peke yake.

Mwaka 1909 aliugua vibaya baada ya kunywa maji machafu. Alipopona alichora picha mbili zilizomtenga na wachoraji wote wa wakati wake: karamu ya mwisho ya Yesu, na Pentekoste. Mitume wake hawakuwa wale watakatifu wapole wa kwenye madirisha ya makanisa. Walikuwa wakulima wenye mataya mapana, nyuso za njano na nyekundu, macho yamewatoka, wamesongamana hadi picha inakosa nafasi ya kuvuta pumzi. Rangi haikupakwa kwa mistari safi. Ilirundikwa kama tope. Miaka miwili baadaye alianza kazi kubwa ya picha tisa zilizounganishwa, Maisha ya Kristo, ambayo itarudi katika historia hii kwa njia ambayo yeye hakuitarajia.

Mwaka 1910 aliipeleka Pentekoste kwenye maonyesho ya jumuiya ya wasanii ya Secession, Berlin, ikakataliwa. Nolde akaandika barua ya wazi ya kumtukana rais wa jumuiya, Max Liebermann, mchoraji mzee na Myahudi. Wanachama wakamfukuza kwa kura, ingawa Liebermann mwenyewe aliomba asifukuzwe. Ugomvi wa wasanii ni jambo la kila siku, na jumuiya ile iliwakataa wengi mwaka huo. Nolde hakuusahau. Mwaka hadi mwaka aliusimulia upya, na kila aliposimulia ulibadilika umbo: haukuwa tena ugomvi wa mzee na kijana, ulikuwa vita vya mchoraji wa Kijerumani peke yake dhidi ya Wayahudi waliodhibiti soko la sanaa. Katika simulizi hiyo hapakuwa na nafasi ya watu kama Rosa Schapire wa Hamburg, mwanahistoria wa sanaa, Myahudi, aliyekuwa miongoni mwa watetezi wake wa mwanzo. Hapo ndipo patasi ilipogusa mti kwa mara ya kwanza.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akishinda katika Jumba la Makumbusho ya Makabila la Berlin, akichora vinyago kwa penseli. Jumba hilo lilikuwa limejaa vitu vya makoloni. Humo viliingia pia vitu vilivyotwaliwa na majeshi ya Kijerumani katika vita vya Maji Maji kusini mwa Tanganyika. Nolde alivipenda vinyago kwa mapenzi ya kweli, na aliandika kwamba kazi za watu hao zilistahili heshima ile ile ya sanaa ya Ulaya. Katika picha yake ya mwaka 1912 iitwayo Mmisionari, mwanamke aliyebeba mtoto, ambaye umbo lake lilitokana na sanamu ya Kiyoruba, anapiga magoti mbele ya jitu la kutisha lililotokana na sanamu ya Korea. Mmisionari ndiye dubwana, na picha haifichi hilo.

Oktoba 1913 yeye na Ada walipata nafasi ya kufuatana na msafara wa madaktari kwenda New Guinea ya Kijerumani, wakijilipia wenyewe. Msafara ulikuwa wa Ofisi ya Makoloni, ofisi ile ile ya Berlin iliyokuwa ikitawala Dar es Salaam na Tabora. Ulikuwa na viongozi wawili, Alfred Leber, daktari wa macho, na Ludwig Külz, daktari aliyekwisha kutumikia Togo na Kamerun. Kazi yao ilikuwa kuchunguza kwa nini watu wa visiwa vile walikuwa wakipungua. Vijana walichukuliwa kwenda mashamba ya minazi, maradhi yakaenea, vijiji vikakosa watoto. Berlin ilihitaji jibu, kwani bila watu hakuna vibarua, na bila vibarua hakuna mbata.

Walipita Moscow na Siberia kwa treni, wakavuka Korea, Japani na China, wakafika Rabaul. Nolde alichora kwa kasi ya mtu anayeona nyumba ikiungua na kutaka kuokoa vyombo: vichwa vya wanaume kwa rangi za maji, mama na watoto, jua jekundu juu ya bahari. Katika barua zake aliulaumu ukatili wa wazungu na kusema kwamba ukoloni ulikuwa ukiua watu wa asili. Lakini katika kumbukumbu zake anasimulia pia kwamba alichora huku bastola iko tayari pembeni, na mkewe akimlinda nyuma, naye akiwa na bastola yake. Mtu aliyekuwa akichorwa alikaa mbele ya jicho la mchoraji na mdomo wa bunduki kwa wakati mmoja.

Tena, heshima yake ilikuwa na mzizi wenye sumu. Aliwapenda watu wa visiwa kwa sababu aliwaona safi, wasiochanganyika, kila jamii na udongo wake. Anayependa usafi wa namna hiyo ugenini, akirudi nyumbani ataanza kuuliza nani amechanganyika. Agosti 1914 vita vilizuka wakiwa njiani kurudi. Huko Suez, Waingereza walizuia mizigo yake, picha zikapotea hadi mwaka 1921, zilipokutwa katika ghala mjini Plymouth, Uingereza.

Baada ya vita kura ya maoni ya mwaka 1920 iliirudisha Schleswig ya kaskazini kwa Denmark, na Nolde akawa raia wa Denmark bila kuhama. Miaka michache baadaye alivuka mpaka kuingia upande wa Ujerumani, akanunua kilima kidogo cha udongo katikati ya mabwawa, akakiita Seebüll. Hapo alijenga nyumba ya matofali kwa ramani yake mwenyewe na kupanda bustani ambayo njia zake zilikatwa kwa umbo la herufi A na E, Ada na Emil. Maua ya bustani hiyo, mawingu mazito juu ya tambarare na mawimbi ya Bahari ya Kaskazini ndiyo yaliyomfanya apendwe na watu ambao hawakujali hata kidogo mabishano ya wasanii. Mwaka 1927, alipotimiza miaka 60, Dresden ilimfanyia maonyesho makubwa na Chuo Kikuu cha Kiel kikampa udaktari wa heshima. Mwaka 1931 aliingizwa katika Chuo cha Sanaa cha Prussia. Yule aliyekataliwa na kila mlango sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele.

Hitler alipochukua madaraka Januari 1933, Nolde alikuwa na miaka 65, na alifurahi. Mwaka huo alimshitaki mchoraji mwenzake Max Pechstein kwa afisa wa serikali kwamba ni Myahudi. Pechstein hakuwa Myahudi, na shutuma ya namna hiyo wakati ule haikuwa mzaha. Aliandika pia mpango wake mwenyewe wa kuwahamisha Wayahudi kutoka Ujerumani. Novemba alialikwa na Heinrich Himmler, mkuu wa SS, kwenye sherehe za chama huko Munich. Mwaka 1934 alitia sahihi tamko la wasanii la kumuunga mkono Hitler, akajiunga na chama cha Kinazi cha Wajerumani wa Schleswig ya kaskazini, na kuchapisha kitabu cha pili cha maisha yake, ambamo ule ugomvi wa 1910 ulikuwa umekwisha kuwa vita vya damu na damu.

Matumaini yake hayakuwa ya kijinga. Umoja wa wanafunzi wa Kinazi mjini Berlin ulimtetea hadharani, ukidai kwamba sanaa yake ndiyo sanaa halisi ya Kijerumani. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, alikuwa ametundika picha zake nyumbani, mpaka, kwa mujibu wa kumbukumbu za Albert Speer, msanifu majengo wa Hitler, Hitler alipoziona akachukia, zikaondolewa haraka. Hitler alipenda picha laini za mtindo wa zamani. Kwa jambo hilo moja tu Nolde alikosa mlezi.

Mwaka 1937 serikali ilifagia makumbusho. Zilitwaliwa kazi za Nolde 1,052, nyingi kuliko za msanii mwingine yeyote. Tarehe 19 Julai yalifunguliwa mjini Munich maonyesho ya kile walichokiita Sanaa Potovu, na Maisha ya Kristo ikawekwa mahali ambapo kila aingiaye aione na kuicheka. Zaidi ya watu milioni mbili walipita. Nolde aliumia sana, lakini tusikose kuona maumivu yake yalielekea wapi. Julai 1938 alimwandikia Goebbels, akidai picha zake na kukumbusha kwamba yeye ndiye aliyepigana mapema na ugeni katika sanaa ya Kijerumani. Hakulaumu dola, alilalamika kwamba dola imemkosea mtu wake. Kilio kilisikika kwa sehemu: picha kadhaa alirudishiwa, na zake zikaondolewa kwenye maonyesho yale yalipozungushwa mijini. Aliacha kuchora hadithi za Biblia, zenye Wayahudi wake wa kale, akageukia mashujaa wa Kaskazini, majahazi ya Waviking na ngome zinazowaka moto. Wanunuzi hawakumkimbia, na biashara yake ilinoga.

Ilinoga kupita kiasi machoni pa wakubwa. Tarehe 23 Agosti 1941 barua yenye jina la Adolf Ziegler, rais wa baraza la sanaa, ilimfukuza kwenye baraza na kumpiga marufuku kufanya kazi ya sanaa kama riziki: asiuze, asionyeshe. Mwaka uliofuata alikwenda Vienna kumwomba gavana wa Kinazi, Baldur von Schirach, amsaidie. Barua zake za miaka ya vita bado zinatumaini ushindi wa Ujerumani na bado zinawalaani Wayahudi, wakati ambapo treni zilikuwa zikielekea Auschwitz. Februari 1944 mabomu yaliteketeza nyumba yake ya Berlin pamoja na maelfu ya kazi zake.

Vita viliisha Mei 1945, na wiki chache zilitosha kwa kinyago kipya kuhitajika. Agosti 1946 kamati ya kuchunguza nani alikuwa Mnazi ilimtakasa, ikaona kwamba aliyehesabiwa mpotovu na Hitler hawezi kuwa wa Hitler. Serikali ya jimbo ikampa cheo cha profesa. Ada alifariki Novemba mwaka huo. Mwaka 1948, akiwa na miaka 80, alimwoa Jolanthe Erdmann, binti wa miaka ishirini na kitu. Zikaja tuzo, na mwaka 1955 maonyesho ya kwanza ya documenta, mjini Kassel, ambako Ujerumani Magharibi iliwaonyesha walimwengu kwamba wasanii waliotukanwa na Wanazi ndio wasanii wake. Alikufa Seebüll tarehe 13 Aprili 1956, akazikwa bustanini karibu na Ada.

Kuna picha ndogo za rangi za maji zaidi ya 1,300 ambazo Nolde aliziita Picha Zisizochorwa. Simulizi iliyozishika ni tamu: mzee, amekatazwa hata kugusa brashi, anajificha chumbani na karatasi zilizochanwa, kwa sababu rangi za mafuta zina harufu na polisi wa siri wangeinusa. Werner Haftmann, mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa nguzo ya documenta, alizitolea kitabu mwaka 1963, simulizi ikakomaa. Mwaka 1968 Siegfried Lenz aliandika riwaya ya Deutschstunde, yaani Somo la Kijerumani, kuhusu polisi wa kijijini anayemzuia mchoraji Max Ludwig Nansen asichore. Nansen na Hansen, nani asingeunganisha? Riwaya hiyo ilifundishwa shuleni, na kizazi cha watoto kikamjua Nolde kupitia mtu wa kubuni. Katikati ya hayo, toleo jipya la kitabu chake cha 1934 lilikuwa limetoka mwaka 1958, aya za chuki zimekwisha kukwanguliwa.

Sababu ya kinyago kukaa vizuri hivyo si ngumu kuielewa. Wajerumani wengi walihitaji mtu wa kawaida, wa kijijini, mpenda maua, aliyeonewa na Hitler na kuendelea na kazi yake kimya. Kila aliyekuwa na jambo la kunyamazia alimwona Nolde akajiona mwenyewe akiwa msafi. Haftmann naye alikuwa na lake: baada ya kifo chake ilibainika kwamba alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu 1937. Mkono uliopaka kinyago mafuta ulikuwa umevaa kingine.

Mwaka 2013 wakfu wa Seebüll, chini ya mkurugenzi mpya, Christian Ring, ulifungua nyaraka zake. Wanahistoria Bernhard Fulda na Aya Soika walisoma maelfu ya barua, na matokeo yakaonyeshwa Berlin Aprili 2019 katika jumba la Hamburger Bahnhof. Marufuku ya 1941 haikumkataza kuchora akiwa chumbani kwake. Baadhi ya picha zile ndogo ni za kabla ya marufuku, nyingine zilikuwa vielelezo vya picha kubwa. Hakuna ushahidi wa polisi waliokuja kunusa rangi.

Ofisini kwa Kansela Angela Merkel palikuwa pametundikwa picha mbili za Nolde. Mojawapo, Wimbi Livunjikalo ya mwaka 1936, iliazimwa kwa ajili ya maonyesho hayo. Merkel akairudisha na ile ya pili, na akasema hazihitaji tena. Magazeti yaliandika kwamba ilifikiriwa kutundika mahali pake picha za Karl Schmidt-Rottluff, yule kijana wa barua ya 1906, mpaka ikakumbukwa kwamba barua zake nyingine nazo zina maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Ukuta ukaachwa mweupe.

Lile wimbi, hata hivyo, bado lipo. Linapanda kutoka gizani, kijani na nyeusi, anga juu yake la njano iliyochafuka, na mtu anayesimama mbele yake huhisi chumvi mdomoni. Mkono ulioliumba ndio ulioandika barua kwa Goebbels, na rangi haitoi ushahidi kwa upande wowote. Sisi ndio tulioitaka iseme kwamba aliyechora bahari vizuri hivi lazima awe mtu mwema, na tulipoona haisemi, tukachonga mdomo wa kuisemea.